Misheni, Njaa na Lugha: Wabenediktini Katika Ungoni Kabla na Baada ya Vita vya Maji Maji

Utangulizi

Katika mji wa Songea, mahali yalipo Makumbusho ya Maji Maji, lipo kaburi la halaiki la watu walionyongwa na serikali ya Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1906. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Februari, wananchi hukusanyika hapo kuwakumbuka. Mwendo wa kilomita zipatazo 24 kutoka hapo, upande wa magharibi, linasimama kanisa kubwa la abasia ya Peramiho, pamoja na hospitali, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji. Kaburi na kanisa ni alama mbili zinazotambulisha Ungoni kwa mgeni, na baadhi ya familia zinazoweka mashada juu ya kaburi ndizo zinazojaza viti vya kanisa siku ya Jumapili.

Jambo hili linahitaji maelezo. Mwezi wa Septemba 1905 wapiganaji wa Kingoni waliiteketeza misheni ya Peramiho kwa moto. Haikupita miaka 40 kabla eneo hilohilo halijawa mojawapo ya ngome za Ukatoliki kusini mwa Tanganyika. Nini kilitokea katikati?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. Jibu la kwanza limo katika vitabu vya wamisionari wenyewe: damu ya mashahidi waliouawa mwaka 1905 ilikuwa mbegu ya imani, na mbegu hiyo ikaota. Jibu la pili ni la wanahistoria wengi wa kizazi cha uhuru: bunduki iliwavunja Wangoni, njaa ikawapigisha magoti, na misheni ikavuna wasiokuwa na nguvu za kukataa. Kila jibu lina sehemu yake ya ukweli. Hata hivyo, majibu haya mawili yanafanana katika kasoro moja, nayo ni kwamba yote humfanya Mzungu kuwa mtendaji na Mngoni kuwa mtendwa. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kuwa ushahidi wa lugha, ambao kwa kawaida huachiwa wanaisimu, unaweza kumsaidia mwanahistoria kuona kile ambacho majibu hayo mawili hayakioni.

Ungoni na Ujio wa Misheni

Wangoni wa Songea ni tawi la watu waliotoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na hatimaye wakafika nchi iliyo mashariki mwa Ziwa Nyasa. Hadi nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wamejenga milki mbili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Juu ya kila milki alikaa nkosi, na chini yake manduna waliogawana watu na mashamba. Waliotawaliwa walikuwa wa asili nyingi: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wanyasa na wengineo, wengi wao wakiwa wametekwa vitani au kuzaliwa na mateka. Hao, kwa jumla yao, waliitwa Wasutu. Kwa hiyo neno "Mngoni" lilikuwa na maana mbili: kwa upana lilimhusu kila aliyekuwa chini ya nkosi, na kwa wembamba lilimhusu yule aliyeweza kuitaja nasaba yake hadi ng'ambo ya Zambezi.

Wajerumani waliweka boma Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata kodi ya kibanda ilitangazwa katika koloni zima. Mashambulizi yaliyokuwa yakiwaletea manduna mateka na mali yakakoma, na nguvu za nkosi juu ya watu wake zikaanza kupunguka siku hadi siku. Katika hali hiyo ndipo Wabenediktini wa St. Ottilien walipofika. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa Bavaria na Andreas Amrhein mwaka 1884, na kituo chao cha kwanza katika Afrika Mashariki, Pugu, kilishambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Kutoka pwani walielekea kusini: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896, Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka 1899. Aliyeianzisha Peramiho alikuwa Padri Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol nchini Austria. Mwaka 1902 Spiss akafanywa kuwa askofu na msimamizi wa kwanza wa Vikarieti ya Dar es Salaam, ambayo mipaka yake ilifika hadi Ungoni.

Yafaa ikumbukwe kuwa Wabenediktini hawakuwa peke yao. Ufukoni mwa Ziwa Nyasa Waanglikana wa UMCA walikuwa wakifanya kazi wakitokea kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885. Aidha Uislamu ulikuwa umeshafika kwa njia ya misafara ya Kilwa. Mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa na makao yake Kikole na watu wake wenye silaha, na vita vilipozuka alikuwa upande wa Wajerumani. Kwa hiyo dini mbili za kitabu ziliingia Ungoni karibu kwa wakati mmoja, na zote mbili ziliingia zikisema Kiswahili.

Padri na Kamusi

Spiss alikuwa mtu wa lugha. Mwaka 1904 jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin lilichapisha kazi yake ndefu iliyohusu Kingoni na Kisutu. Kazi hiyo, yenye kurasa zaidi ya 100, inaeleza sarufi na msamiati wa lugha mbili zilizokuwa zikisemwa bega kwa bega katika nchi moja: Kingoni, kilichokuwa na mizizi yake katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na Kisutu, lugha ya wale waliotawaliwa.

Umuhimu wa kazi hii hauko katika usahihi wake wa kiisimu pekee. Umo pia katika mambo mawili ya kihistoria. La kwanza ni kwamba mwandishi alitambua kuwa Ungoni haikuwa jamii ya lugha moja. Mmisionari aliyetaka kusema na nkosi na mmisionari aliyetaka kusema na mama aliyekuwa akitwanga nafaka nyuma ya nyumba ya nkosi hawakuweza kutumia maneno yaleyale. La pili ni wakati wenyewe. Kitabu kilitoka mwaka mmoja tu kabla ya vita. Mwaka mmoja baadaye mwandishi wake alikuwa ameuawa, na miezi sita baada ya hapo wengi wa wazungumzaji wakuu wa lugha aliyoieleza walikuwa wamenyongwa.

Kingoni cha asili ya Kinguni tayari kilikuwa kikififia kabla ya vita. Watoto hujifunza lugha kwa mama zao, na mama wengi katika nyumba za watawala walikuwa Wasutu. Kilichobaki hai kilibaki katika maneno ya utawala na heshima, kama vile nkosi, nduna, na salamu ya bayete. Lugha inayoitwa Kingoni leo ni lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kindendeule na Kimatengo, na wanaisimu huiweka katika kundi moja na lugha hizo. Kwa maneno mengine, jina la mshindi lilibaki lakini lugha iliyobaki ni ya mshindwa. Hapana budi kusema kuwa kifo cha watawala mwaka 1906 kiliharakisha jambo lililokuwa limekwisha kuanza, kwa sababu waliokufa ndio hasa waliokuwa na sababu ya kuitunza lugha ya Zambezi.

Moto wa Mahoka na Moto wa Misheni

Ujuzi wa lugha haukumzuia mmisionari kukosea. Kwa Wangoni, mahoka, yaani mizimu ya wahenga, hususan ile ya watawala waliopita, ilikuwa na vijumba vyake vya kutambikia. Miaka michache kabla ya vita, padri mmoja wa Peramiho, Franciscus Leuthner, alikichoma moto kijumba kimojawapo. Machoni pa padri, kile kilikuwa kibanda cha ushirikina. Machoni pa Nkosi Mputa Gama, aliyekuwa mtawala wa Njelu na jirani wa misheni, lile lilikuwa tusi kwa baba zake na tangazo mbele ya watu wote kwamba hakuwa tena na uwezo wa kuwalinda hata wafu wake.

Tukio hili halikusababisha vita. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, mamia ya kilomita kutoka Peramiho, na chanzo chake cha karibu kilikuwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu, alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, kabla maji hayajafika Ungoni. Lakini mjumbe Omari Kinjala alipoyaleta maji kwa Nkosi Chabruma wa Mshope, na kutoka huko yakafika Njelu, aliwakuta watu wenye orodha ndefu ya malalamiko: kodi, kazi za shuruti, mateka waliochukuliwa, heshima iliyoporomoka. Kijumba kilichochomwa kilikuwa kimo katika orodha hiyo. Misheni, kwa macho ya Wangoni wengi, ilikuwa mkono mmoja wa boma.

Askofu Spiss alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho alipouawa tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi huohuo misheni ya Nyangao ilishambuliwa. Septemba ikafika zamu ya Peramiho. Majengo yalichomwa, na Padri Leuthner, aliyekuwa amekimbia, aliuawa. Wamisionari wengine wa Ungoni walikimbilia upande wa Ziwa Nyasa.

Ni vigumu kwa msomaji wa leo kuutazama moto wa misheni bila kuukumbuka moto wa mahoka. Kumbukumbu za wamisionari huueleza ule wa pili kwa urefu na kuupita ule wa kwanza kwa haraka. Mwanafunzi wa historia hana budi kuisoma mioto hiyo miwili katika ukurasa mmoja, si kwa lengo la kuhalalisha mauaji ya padri au ya masista, bali kwa kuwa kila upande uligusa kitu ambacho upande wa pili ulikiona kitakatifu.

Mti wa Kunyongea

Oktoba 1905 jeshi la Wangoni lilipigwa vibaya huko Namabengo na kikosi cha Kapteni Nigmann kilichotoka Iringa. Baadaye Meja Johannes aliwasili Songea, na kuanzia hapo vita vikageuka kuwa msako. Watawala na manduna walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Chabruma alivuka mto Ruvuma na kufia ugenini. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi wa Ungoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji, alinyongwa siku chache baadaye. Mapokeo ya Ungoni yanasema kuwa Wajerumani walitaka kumwachia, naye akakataa kuishi baada ya wenzake. Mapokeo hayohayo yanasema kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Kabla ya hukumu kutekelezwa, Padri Johannes Häfliger wa Kigonsera alifika gerezani. Aliwafundisha wafungwa habari za dini kwa muda uliokuwapo, na wengi wao walikubali kubatizwa. Kisha wakaongozwa kwenye mti.

Hapa ndipo swali la msingi la mhadhara huu linapojitokeza kwa ukali wake wote. Ubatizo ule una maana gani? Kwa Häfliger maana ilikuwa wazi: roho zimeokolewa. Kwa mwandishi wa kizazi cha uhuru maana ilikuwa wazi vilevile: mtu aliyefungwa minyororo hana hiari, na maji ya padri yalikuwa muhuri wa hukumu ya boma. Lakini waliokuwa wakifa walikuwa watu wazima, wenye akili na heshima, waliokuwa wametawala nchi. Miezi michache nyuma walikuwa wamepokea maji mengine, yale ya Kinjala, yaliyoahidi kuwa risasi ingegeuka maji. Ahadi ile haikutimia. Mtu anaweza kufikiri kuwa baadhi yao walipima jambo kwa utaratibu wao wenyewe: maji ya kwanza yalikuwa ya kuulinda mwili, na mwili haukulindwa, haya ya pili yanasemwa kuwa ni ya baada ya mwili. Wengine yamkini walitaka kufa wakiwa na mtu karibu aliyewaita kwa jina. Wengine walikataa, na kukataa kwao ni ushahidi kuwa hata chini ya mti palikuwa na nafasi, ndogo sana, ya kuchagua.

Habari za saa zile zimetufikia kwa kalamu ya padri peke yake. Waliobatizwa hawakuandika. Kwa hiyo haifai kuyasoma maandishi hayo kama kwamba ni sauti ya wafungwa, wala haifai kuyatupa kama kwamba hayana kitu. Yanapasa kusomwa kama ushahidi wa mtu mmoja aliyekuwapo, aliyeona sehemu, na aliyekuwa na hamu ya kuona anachotaka kukiona.

Njaa

Vita vilipokoma katika uwanja, viliendelea katika shamba. Uongozi wa jeshi la Wajerumani uliamua kuwa wapiganaji waliotawanyika porini hawangeweza kushindwa kwa risasi, bali kwa njaa. Maghala yalichomwa, mazao yakafyekwa au kuchukuliwa, vijiji vikateketezwa, na watu wakazuiwa kulima majira ya mvua yalipofika. Njaa, kwa hiyo, ilikuwa silaha.

Madhara yake yalizidi yale ya risasi. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ya hao walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo. Katika Ungoni watu walikula mizizi na viazi vya porini. Kibaya zaidi, walikula mbegu. Anayekula mbegu huhamishia njaa ya mwaka huu katika mwaka ujao. Mashamba yaliyoachwa yakageuka mapori ya miombo, na wanyama wa porini wakarudi mahali palipokuwa na vijiji.

Ni katika nchi hii yenye njaa ndipo wamisionari waliporudi mwaka 1906. Misheni ilijengwa upya, na ujenzi ulihitaji mikono. Mikono ilihitaji chakula. Misheni ilikuwa na njia ya kuleta nafaka kutoka mahali ambapo vita havikufika, kwa mfano upande wa ziwa, na ilikuwa na nguo na chumvi za kulipia. Yatima walipokewa. Wajane walipata kazi. Wagonjwa walipata dawa. Katika muda mfupi kituo cha misheni kikawa ndicho mahali pekee, nje ya boma, ambapo mtu asiye na chochote angeweza kwenda akarudi na kitu.

Waswahili husema, mwenye njaa hana miiko. Msemo huu unaweza kuchukuliwa kuwa ndio muhtasari wa yote: watu walikuja kwa ajili ya ugali wakabaki kwa ajili ya ugali. Ingekuwa hivyo, mambo mawili yasingeelezeka. Kwanza, njaa ile ilikwisha. Mavuno yalirudi kidogo kidogo, na mtu aliyekuja kwa sababu ya tumbo angeweza kurudi kwake tumbo likishajaa. Wengi hawakurudi nyuma. Badala yake walidai shule katika vijiji vyao. Pili, si wote waliokuwa na njaa waliokwenda misheni. Wengine waliingia Uislamu katika miaka hiyohiyo, na Uislamu haukuwa na ghala la nafaka la kulinganishwa na Peramiho. Watu wenye shida moja walichagua milango miwili tofauti. Kinachoonekana ni jamii iliyopoteza kwa pigo moja watawala wake, waganga wake wa vita na mamlaka ya mahoka wake, nayo ikawa inatafuta namna mpya ya kuwa watu pamoja. Njaa iliwafikisha mlangoni. Kuingia na kukaa ni jambo jingine.

Ikumbukwe pia kwamba msaada ule haukuwa safi. Serikali iliyochoma maghala na misheni iliyogawa nafaka zilikuwa za taifa moja, na wamisionari kwa kawaida waliiona serikali hiyo kuwa yao. Mjane aliyepokea kibaba cha nafaka Peramiho hakuwa na sababu ya kusahau ni nani aliyechoma ghala la mumewe. Shukrani na kinyongo viliweza kukaa katika nyumba moja, na katika Ungoni vilikaa.

Lugha ya Katekista

Swali sasa ni hili: katika misheni iliyokusanya Wangoni, Wandendeule, Wamatengo na wengineo, watu walisemeshwa kwa lugha gani? Kazi ya Spiss ingeweza kuwa msingi wa Ukristo wa Kingoni. Haikuwa. Lugha ya watawala ilikuwa imekufa pamoja nao, na lugha za wengine zilikuwa nyingi. Kiswahili kilichukua nafasi.

Uamuzi huu haukuwa rahisi kwa wamisionari wote. Nchini Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na wanateolojia waliokiogopa Kiswahili kuwa ni lugha iliyokwishajaa Uislamu, na waliodhani kuwa shule za serikali zilizokifundisha zilikuwa zikieneza dini hiyo bila kukusudia. Hofu yao ilikuwa na msingi wa kiisimu. Maneno imani, dhambi, roho, sala, malaika na injili yote yalikuja kwa njia ya Kiarabu. Hata neno kanisa lenyewe lina asili ya Kiarabu. Wakatoliki waliongeza yao: padri kutoka Kireno, misa na sakramenti kutoka Kilatini. Mahubiri ya Peramiho yalikuwa, kimsamiati, mkusanyiko wa safari zote za Bahari ya Hindi. Mkristo mpya wa Ungoni alisali kwa maneno ambayo jirani yake Mwislamu aliyafahamu, na jambo hili lilisaidia familia zenye dini mbili kuendelea kuzungumza.

Aliyelibeba neno hilo vijijini hakuwa Mzungu. Mapadri walikuwa wachache na nchi ni pana. Alikuwa katekista, ambaye watu walimwita mwalimu, kijana aliyesoma miaka michache misheni kisha akapelekwa kwenye shule ya kijiji, chini ya paa la nyasi, na kitabu kimoja au viwili. Yeye ndiye aliyeamua, kila asubuhi, namna ya kumweleza bibi asiyejua Kiswahili neno "neema" au "ukombozi". Yeye ndiye aliyeamua kama Mungu wa katekisimu ndiye Chapanga wa wazee, jina ambalo bado lipo katika Kingoni cha leo na katika Kimatengo. Tafsiri ya namna hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu ilifanyika kwa mdomo, kutoka Kiswahili kwenda lugha ya nyumbani na kurudi. Lakini ndiyo iliyoamua Ukristo wa Ungoni ungekuwa wa nani.

Uthibitisho wa uzito wa kazi hiyo ulionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Songea iliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, na mapadri Wajerumani walikamatwa na hatimaye kufukuzwa nchini. Wabenediktini kutoka Uswisi walianza kuipokea kazi mwaka 1922 chini ya Gallus Steiger. Katika miaka hiyo ya katikati njaa na maradhi vilirudi tena, nafaka za misheni hazikuwapo, na wagawaji wake walikuwa uhamishoni. Kama Ukristo wa Ungoni ungekuwa umesimama juu ya ghala peke yake, ungeanguka pamoja na ghala. Haukuanguka. Walimu waliendelea kukusanya watu, kufundisha na kuzika wafu. Waswisi walipofika walikuta jumuiya zilizo hai.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Peramiho ilikuwa abasia yenye eneo lake mwaka 1931, Steiger akiwa abati-askofu. Shirika la masista Waafrika la Chipole lilianzishwa mwaka 1938, na monasteri ya Waafrika ya Hanga mwaka 1957. Mwaka 1969 Jimbo la Songea liliundwa chini ya James Komba, askofu mzalendo. Kiwanda cha uchapaji cha Peramiho kilitoa vitabu vya Kiswahili vya sala, katekisimu, shule na uchungaji, pamoja na jarida la Mlezi, vilivyosomwa mbali sana na Ruvuma. Historia ya Kiswahili sanifu huandikwa mara nyingi kwa kutaja Unguja, Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na Dar es Salaam. Haina budi kutaja pia mashine za uchapaji za Peramiho na walimu wa vijijini waliokitumia Kiswahili kabla kamati yoyote haijaundwa.

Hitimisho

Masimulizi ya Maji Maji katika Kiswahili ni mengi. Abdul Karim bin Jamaliddini aliyatungia utenzi, na Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968, wakiwamo O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliofanya kazi Ungoni. Upande wa pili, Padri Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ya Wangoni iliyohifadhi mengi yaliyokuwa yakipotea. Maandishi hayo ya pande mbili yamekaa muda mrefu katika rafu mbalimbali: moja ikiitwa historia ya taifa, nyingine historia ya Kanisa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ni historia moja, ya watu walewale, na kwamba lugha ndiyo mshipa unaoziunganisha.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho ya Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yale waliyotendewa mababu zao. Sherehe hiyo ilikuwa ya kiserikali. Swali la kichwa cha nduna halikumalizika siku ile. Swali la kijumba cha mahoka, ambalo ni dogo zaidi na ni la kale zaidi, halina rais wa kulijibu. Hilo ni la watu wa Ungoni wenyewe, ambao wamelibeba kwa zaidi ya karne moja kwa kuwa wajukuu wa walionyongwa na waumini wa kanisa lililochomwa, bila kuona haja ya kukana upande wowote. Wanaposimama kaburini mwezi wa Februari, mashehe na mapadri husali hapo, na wazee huwataja marehemu kwa majina. Kazi ya mtaalamu wa Kiswahili ni kuyasikiliza maneno hayo yote kwa uangalifu uleule, kwa maana ni katika maneno hayo, kuliko katika taarifa ya boma au barua ya misheni, ndimo Ungoni ilimojieleza yenyewe.